Msiisingizie Mvua

Ikiwa umewahi kupita Bondeni wakati wa alasiri, ukitokea Barabara ya Abdel Nasser na kuvikata vichochoro vinavyoelekea Mji wa Kale, huenda umeliona gari langu. Ni gari aina ya Peugeot 504, la rangi ya maziwa, lenye umri wa zaidi ya miaka arobaini. Mimi hulisimamisha ubavuni mwa nyumba aliyoijenga babangu, mahali ambapo watoto wa mtaa huligeuza goli na paka huligeuza kitanda. Watu wazima huliita "Pijo la Maalim", ingawa Maalim mwenyewe, yaani marehemu babangu, alitutoka mwaka wa 2009.

Kila masika yanapobisha hodi, majirani hunipa wasia ule ule. "Daktari, lifunike gari. Mvua hii italimaliza." Kwa muda wa miaka kumi na kitu niliusikiliza wasia huo na kuufuata kama amri. Nililifunika gari kwa turubai, nikaliacha nyumbani na kupanda matatu kwenda kazini, na mvua iliponikuta njiani nilirudi mbio kama mtu aliyeanika nguo. Leo nataka kueleza kwa nini nimeacha kufanya hivyo. Si jambo la mzaha, maana kosa langu nusura limwangamize mamangu mzazi.

Babangu alikuwa mwalimu wa shule ya upili, na gari hilo alilinunua mwaka wa 1983 kwa mkopo uliomkonda mfukoni miaka mingi. Liliunganishwa hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha AVA. Magari ya aina hiyo yaliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi 2004, takriban miaka ishirini baada ya Wafaransa wenyewe kuacha kuyaunda kwao. Ndiyo sababu hata sasa vipuri vyake havijawa hadithi kabisa, na ndiyo sababu kila fundi wa makamo katika kisiwa hiki anaweza kuifungua injini yake huku akizungumza habari za mpira.

Mzee alikuwa na ada moja iliyotuchekesha sisi watoto. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilipoanza kunyesha, wakati majirani walipokuwa wakikimbilia ndani, yeye alitoka nje. Alivua kanzu akabaki na kikoi, akalisukuma gari kutoka chini ya banda la makuti hadi katikati ya uwanja, akatandika gunia na kujilaza chali juu yake. Kisha alijipenyeza chini ya gari na brashi ya kufulia, akayasugua matumbo yake huku maji yakimwingia puani na masikioni. Mamangu alisimama mlangoni akamkumbusha kwamba mapafu ni yake na watoto ni wake. Fauka ya hayo, aliweka mapipa mawili chini ya mlizamu wa paa, na maji yaliyokingwa humo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, hata kwa kufulia. Yalikuwa maji ya gari. Sisi tuliamua kwamba huo ni ubahili wa kialimu: mtu hataki kulipia maji, basi anamtegea Mungu mapipa.

Nilikuwa Uingereza, mjini Leeds, nikiandika tasnifu yangu, wakati mzee alipofariki. Sikupata nafasi ya kumwuliza neno. Nataja Leeds kwa sababu nyingine pia. Jirani yangu kule alikuwa mwalimu mstaafu aliyemiliki Morris Minor, kile kigari chenye umbo la kobe ambacho Waingereza walianza kukiunda mwaka wa 1948. Kule majira ya baridi yanapoingia, malori ya serikali za mitaa hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani. Chumvi hulizuia barafu lisigande katika kiwango kile ambacho maji matupu hugandia, hivyo barabara haitelezi. Siku lori la kwanza lilipopita, mzee yule alilifungia gari lake bandani, akalitia godoro la magazeti chini na kulifunika kwa shuka. Theluji iliisha, jua likatoka, watu wakavaa nguo nyepesi, naye bado hakulitoa. Nilipomwuliza sababu, aliniambia kwamba anangoja mvua kubwa mbili tatu zipige kwanza. Mvua ndiyo itakayoiosha barabara.

Niliyachukua maneno yale kuwa ni ukaidi wa wazee wa Kizungu. Laiti ningeyapima! Niliporudi nyumbani mwaka wa 2010 na kukabidhiwa funguo za Pijo, nilijisemea kwamba nimebahatika: hakuna theluji, hakuna malori ya chumvi, adui yangu ni jua na mvua tu. Nikasahau kuwa ninaishi kisiwani.

Basi nikawa mtunzaji hodari. Kila Ijumaa asubuhi nililiosha gari, juu na chini, kwa ndoo sita za maji. Sikukosa hata Ijumaa moja ila nikiwa safarini au kitandani. Rangi yake iling'aa hata wapita njia wakasimama kujitazama milangoni.

Jioni moja ya Mei 2022 nilikuwa nikimrudisha mamangu kutoka kwa dadangu huko Kisauni. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu adhuhuri. Mama alikuwa mbele, na nyuma walikaa wapwa zangu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka kumi. Tulipokuwa tukishuka kutoka Daraja la Nyali kuingia kisiwani, magari ya mbele yalisimama ghafla, na baina yetu kulikuwa na mkokoteni wa maji. Nilikanyaga breki. Pedali ilizama karibu hadi sakafuni. Gari lilipunguza mwendo shingo upande, kama mtu aliyeitwa asikotaka kwenda. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikalipeleka ukingoni, na tairi la kushoto likajigonga kwenye ukuta mdogo wa njia ya miguu. Mwenye mkokoteni alikwisha kuruka kando. Mitungi yake miwili ilianguka ikapasuka, na maji matamu aliyoyalipia yakatiririka pamoja na yale ya mvua. Mama hakupiga kelele. Aliyashika magoti yangu kwa mkono mmoja, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto ndani ya basi, na hakuuondoa mkono ule hadi gari la kutuvuta lilipofika.

Nililipeleka gari kwa fundi wa hapa hapa Bondeni, mzee wa miaka zaidi ya sitini afanyaye kazi chini ya mwarobaini. Mimi humwita Ami, kwa kuwa yeye na babangu walikuwa watu wa rika la karibu na waliheshimiana. Alilipandisha kwa jeki, akaweka magogo, akaingia chini na tochi. Paipu ya breki inayokwenda magurudumu ya nyuma ilikuwa imepasuka mahali inapopita juu ya mhimili. Ilikuwa imeliwa na kutu hata ukiibonyeza kwa kidole inavunjika kama kaki.

"Ami, mvua imelimaliza," nilisema.

"Mvua?" aliuliza. Alipenyeza kidole ndani ya madigadi, akakwangua ukoko mweupe uliochanganyika na vumbi, akautia ulimini. Kisha akanikunjulia kiganja. "Onda," aliniambia.

Niwieni radhi, wasomaji wapenzi: kazi ni kazi. Kabla ya kuonja, nilisimama kuisikiliza ile "nd". Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, pale ambapo Kiswahili Sanifu kina "nj", mara nyingi utasikia "nd". Onja ni onda, njoo ni ndoo, vunja ni vunda, na njia ni ndia, ndiyo maana barabara kongwe ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu hadi leo. Mwanaisimu mwenye shahada ya uzamifu alikuwa akifurahia sauti huku mzee akimngoja kwa kiganja wazi.

Nilionja. Ilikuwa chumvi.

"Walioshea maji gani?"

"Ya kisima, Ami. Kila Ijumaa."

Alitoka chini ya gari, akakaa juu ya tairi kuukuu na kujifuta mikono polepole. "Basi wata kuisingizia mvua, mwanangu. Gari hili umeliua kwa kuliosha."

Hapana mwenyeji wa Mombasa asiyejua kwamba visima vya kisiwa hiki vingi vina maji ya chumvi. Lugha yenyewe imetuwekea mpaka: kuna maji matamu, ya kunywa na kupikia chai, na kuna maji ya chumvi, ya kuoshea sakafu na kumwagia chooni. Hata kwenye njia ya Nairobi kuna mahali paitwapo Maji ya Chumvi, jina lililomwonya msafiri kabla hajateremsha ndoo. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, lilikamilika mwaka wa 1957, na tangu hapo mji umekua kupita kiasi cha bomba hilo na mengine yaliyofuata. Mimi niliujua mpaka huo kwa birika la chai. Sikufikiri kwamba na gari nalo lina ulimi.

Walimu wa kemia watanisahihisha nikipotoka. Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Tunapomwonyesha mwanafunzi misumari ndani ya vichupa, mmoja mkavu na mmoja majini, tunamfunza hivyo tu, naye hutoka darasani akiamini kuwa maji ndiyo mwizi. Lakini kushika kutu ni kazi ya umeme pia, umeme mdogo upitao baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji matupu hayaupitishi vyema. Maji yenye chumvi huupitisha kwa urahisi. Zaidi ya hayo, chumvi huutoboa utando mwembamba ambao ungekikinga chuma kwa muda. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ya kisima yana kidogo kuliko hayo, lakini kidogo hicho nilikirudia kila Ijumaa kwa miaka kumi na miwili.

Kuna jambo jingine ambalo Ami alilijua kwa ngozi, nami nikalisoma baadaye. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu kutoka hewani. Hewa ikifikisha unyevu wa asilimia 75 hivi, punje ya chumvi hujiyeyusha yenyewe, bila tone la mvua. Asubuhi za Mombasa aghalabu hupita kiwango hicho. Maana yake ni kwamba gari lenye ukoko wa chumvi tumboni halikauki. Kiangazi chote, wakati mimi nikijisifu kwamba nimelikinga na mvua kwa turubai, lilikuwa limelowa chini kwa chini. Na turubai lenyewe lilizuia upepo usilikaushe. Upepo wa kusi, unaovuma kutoka baharini tangu Aprili hadi Septemba, huleta chumvi nyingine juu ya ile ya ndoo. Simama Mnara wa Taa wakati wa kusi, karibu na Mama Ngina, kisha ulambe midomo.

Mvua, kinyume chake, ni maji matamu yanayoanguka bure. Ndiyo maana mzee wangu alijilaza kwenye gunia. Hakuwa bahili. Alikuwa akiliosha gari kwa maji pekee katika kisiwa hiki yasiyokuwa na chumvi wala stakabadhi.

Ushahidi mwingine wa kuitetea mvua uko katika mashindano ya Safari Rally. Mwaka wa 1963 mvua na matope viliyashinda magari karibu yote, na ni saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka wa 1968 hali ikawa ile ile, na yakafika saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akisaidiwa na Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lao lilikuwa Peugeot 404, ambalo ndilo kaka mkubwa wa hili langu. Matope ya bara hulitesa gari siku ile, kisha huoshwa yakaisha. Chumvi haina kelele kama hizo.

Katika siku za matengenezo niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu chini ya ule mwarobaini, wakakae na daftari na kusikiliza. Walitarajia kuokota maneno ya kukopa, nao waliyapata: kabureta, rejeta, klachi, silensa, plagi, injini "yamisi", injini "yanoki". Hayo hayakunishangaza. Kilichonifurahisha ni vitenzi alivyovitumia Ami kwa kutu. Chuma kikibadilika rangi tu, husema "kimeshika kutu". Kikianza kupungua unene, husema "kimeliwa". Kikifika pale ambapo bisibisi inapenya, husema "kimeoza". Mwanafunzi mmoja, binti kutoka Taita, aligundua jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona: katika hatua ya kwanza chuma ndicho mtendaji, ndicho kinachoshika, katika ya pili kinatendwa, kinaliwa na mwingine, katika ya tatu hakuna mtendaji tena, ni hali tu. Nilimpa alama zake palepale. Nikamwuliza Ami ni katika hatua gani gari huweza kuokolewa. Alijibu kwamba la kushika ni kazi ya msasa, la kuliwa ni kazi ya kuchomelea, na la kuoza ni la kukata na kutia bati jipya, na hapo mtu ajiulize analipenda gari kiasi gani.

Babake Ami alikuwa seremala wa majahazi katika Bandari ya Kale. Kwa hiyo maneno mengine yaliyomtoka hayakuwa ya gereji hata kidogo. Aliposema sakafu ya gari ipakwe mafuta baada ya kukaushwa, alisema "ipakwe sifa". Wanafunzi walicheka wakidhani ni mzaha: gari lisifiwe? Hasha. Sifa ni mafuta ya samaki, hasa papa, ambayo mabaharia waliyapaka mbao za vyombo vyao ili jua na chumvi visizipasue. Kamusi zetu huliweka neno hilo mbali na lile la kumsifu mtu. Upande wa chini, uliozama majini, ulipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Nafasi za baina ya mbao zilizibwa kwa pamba, kazi iitwayo kukalafati. Watu wa pwani walijua kitambo, kabla gari la kwanza halijashushwa Kilindini, kwamba chombo kinachoishi na bahari hakiachwi kikajitunza chenyewe. Hupandishwa ufuoni, hukwanguliwa, hukaushwa, hupakwa, kisha hurudishwa. Tulipohama kutoka kwenye jahazi hadi kwenye gari tulichukua nauli na mizigo, tukaisahau deheni ufuoni.

Sifa ya papa sasa ni adimu, na harufu yake ingenifukuzisha nyumbani. Ami hutumia oili iliyokwisha kutumika, aipakayo kwa brashi katika mihimili ya chini ya milango na pembeni mwa sakafu. Mimi sikuipenda, kwa sababu hudondoka na kuingia ardhini, nasi tuna visima karibu. Tulibishana. Mwishowe tulikubaliana kutumia grisi na nta, zinazoshika mahali pake. Jambo lenye thamani kubwa kuliko hayo yote halikugharimu senti: chini ya kila mlango wa gari kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vyangu vilikuwa vimezibwa na vumbi na rangi. Ami alivizibua kwa msumari, na kutoka mlango wa dereva kukamwagika maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Gari lilikuwa likiubeba mvo huo mlangoni, nami ndani nikisikiliza taarifa ya habari.

Hapa sina budi kukiri jambo linalonisumbua. Ikiwa maji ya kisima hayafai, na mvua si ya kila siku, je, niliosheje gari nyakati za kiangazi? Maji matamu ya bomba hutoka mtaani kwetu kwa zamu, na ya mkokoteni hununuliwa kwa mtungi wa lita ishirini. Kuna nyumba za jirani ambako mtungi mmoja huhesabiwa vikombe. Mtu anayemwaga mitungi sita juu ya bati ili lipendeze, mbele ya macho ya mama anayepima maji ya uji, huyo anahitaji zaidi ya hoja za kemia. Nilijaribu mara moja. Sikuweza kumaliza mtungi wa pili. Siku hizi nina mapipa manne chini ya mlizamu ule ule. Mawili ni ya nyumba na ya yeyote anayebisha hodi, mawili ni ya gari. Maji ya mvua ya Mei, mwezi ambao huku kwetu hushinda yote kwa mvua, hunifikisha Agosti nikiyatumia kwa adabu: naosha chini tu. Juu hufutwa kwa kitambaa kibichi, na mng'aro umepungua. Wapita njia hawajitazami tena milangoni.

Kuendesha gari kuukuu mvuani ni elimu ya peke yake, nami bado ni mwanafunzi. Breki zake hazina kompyuta ya kuzuia magurudumu yasifungamane, kwa hiyo ukikanyaga kwa hofu katika maji, magurudumu hujifunga na gari huteleza kama sahani. Huacha nafasi mara mbili ya ile ninayoiacha kukavu, na madereva wa matatu huiona nafasi hiyo kuwa ni zawadi yao. Gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma, basi katika mzunguko mguu wa mafuta uwe mwepesi. Dakika za kwanza za mvua ni za hatari zaidi, kwa sababu oili na vumbi vya kiangazi huelea juu ya lami kabla hazijasombwa. Nikivuka dimbwi, hugusa breki polepole huku nikienda, mara tatu nne, zijikaushe kwa joto lao. Injini ikizimika kwa sababu ya unyevu kwenye distributa, kitambaa kikavu hufanya kazi ambayo matusi hayafanyi. Mafuta ya breki nayo hunywa maji kutoka hewani yakapoteza nguvu, na hubadilishwa kila miaka miwili hata kama yanaonekana safi.

Maji yaliyosimama barabarani siyaingii tena, hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari ikiwa imejaa kabisa, mitaro huchelewa kutoa maji yake, na huwezi kuapa kwamba dimbwi lililo mbele yako ni la mbinguni au la baharini. Nikitoka Likoni, ambako mlango wa feri hushuka juu ya sakafu iliyolowa maji ya bahari na magurudumu ya gari la mbele yakakurushia, siendi nyumbani kulala. Kwanza pipa. Wapwa zangu hunicheka: nachuchumaa, natia kidole chini ya madigadi, naonja. Yule wa miaka saba, ambaye sasa ni mkubwa, naye huonja, kisha hutoa hukumu.

Na wale wenye magari mapya wasidhani hadithi hii ni ya wazee. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi miaka minane, na mengi ya hayo hutoka Japani. Sehemu za kaskazini za nchi hiyo zina theluji, na barabara zake hutiwa chumvi kama zile za Leeds. Gari huweza kushuka Kilindini liking'aa kama sahani ya harusi, na tumboni limebeba baridi ya nchi nyingine. Mnunuzi huingia ndani, huwasha redio, hupiga picha. Ni wachache wanaotandika gunia.

Mamangu alikataa kuliingia gari hilo kwa mwaka mzima, wala sikumlaumu. Paipu zote za breki zilibadilishwa, za nyuma na za mbele, na sakafu ya kushoto ikakatwa na kutiwa bati jipya. Kisha asubuhi moja ya Ijumaa alitoka na buibui lake, akafungua mlango wa mbele bila kusema, akakaa. Tulikwenda Kisauni na kurudi. Kwenye mteremko wa daraja aliyashika tena magoti yangu.

Masika yaliyopita mvua kubwa ya kwanza ilianguka usiku. Nilivua shati, nikalisukuma Pijo hadi katikati ya uwanja, nikatandika gunia la mzee, lile lile, limetoboka mahali pa kiwiko. Jirani alifungua dirisha akanipigia kelele: "Daktari, wafanyani? Litie ndani!" Mama alikuwa mlangoni. Alimjibu yeye, hakunijibu mimi. "Mwate," alisema. "Yuwaliosha." Mhimili wa kulia bado haujachomelewa. Ami anasema tungoje kusi ipungue, kwa kuwa chuma kilichochomelewa wakati wa kusi, kabla hakijapakwa rangi, hushika kutu usiku ule ule.